Kuzima ripoti za hitilafu zinazojituma zenyewe kwenye Windows 10 na 11

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye steshenari huku Ipagala, Dodoma, aliniletea laptopu yake. "Fundi, naweka bando asubuhi, ikifika mchana limekata." Intaneti anaitoa kwenye simu yake, na programu yake ya kuskani ilikuwa inajifunga yenyewe mara kwa mara. Kila ikijifunga, Windows inaandaa ripoti ya hitilafu na kutaka kuituma Microsoft. Nisimsingizie mtu: bando lake lilikuwa linaliwa zaidi na masasisho. Lakini nilipomweleza kwamba ripoti hizo zinaweza kubeba vipande vya kilichokuwa kwenye memori wakati programu inajifunga, akasema zizimwe zote. Mle ndani anaskani vyeti vya watu na vitambulisho vya NIDA, kwa hiyo sikubishana naye.

Kama kompyuta ni ya ofisi, na najua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, usiguse chochote. Hiyo ni kazi ya watu wa TEHAMA.

Hatua ya 1: Mipangilio ya kawaida

Fungua Settings, Privacy & security, kisha Diagnostics & feedback. Zima "Send optional diagnostic data". Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Privacy tu; humo chagua "Required diagnostic data". Hii inapunguza tu kinachotumwa, haizimi.

Kama unatumia hotspoti ya simu, fungua pia sifa (Properties) za Wi-Fi hiyo na uwashe "Metered connection". Mara nyingi Windows haijui kwamba unatumia bando mpaka uiambie. Kwa upande wa MB, hiki kitufe kimoja kina faida kuliko hatua nyingine zote humu.

Hatua ya 2: Kuzima kwenyewe

Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima siku ya kwanza, nikihangaika na mashine yangu mwenyewe. Nilifuata njia ya gpedit.msc, programu ya Windows ya kupanga sera za kompyuta: Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Error Reporting. Mle ndani kuna kipengele kinaitwa "Disable Windows Error Reporting". Nikakifungua, nikachagua Disabled, nikawasha kompyuta upya. Ripoti zikaendelea kama kawaida. Nikarudi, nikahakikisha ni Disabled, nikawasha upya tena. Mara tatu! Soma jina la kipengele polepole: chenyewe ni amri ya kuzima. Ukichagua Disabled umeikataa amri ya kuzima. Kinachotakiwa ni Enabled.

Halafu gpedit haimo kabisa kwenye Windows Home, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi ninazoletewa. Ukiandika gpedit.msc ikakwambia haipo, usianze kupakua faili za ajabu za "kuiongeza".

Wengine watakupeleka kwenye rejista (Registry), yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows. Inafanya kazi, ila kuna mtego: thamani ya Disabled yenye 1 ukiiweka chini ya HKEY_CURRENT_USER, umemzimia mtumiaji mmoja tu. Steshenari ile ina akaunti mbili, ya dada na ya kijana wake wa zamu. Ya mashine nzima inakaa hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting

Mimi siku hizi situmii hata moja kati ya hizo. Bonyeza Start, andika PowerShell (dirisha la kuandikia amri), bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

Disable-WindowsErrorReporting

Basi. Usipoifungua kama msimamizi itakataa, na watu wengi hukwamia hapo wakidhani wamekosea herufi. Naipenda kwa sababu haina Enabled ya kukuchanganya, na inakubali kuulizwa:

Get-WindowsErrorReporting

Ikijibu Disabled, umemaliza. Ukitaka kurudisha, neno la kwanza liwe Enable. Zile programu za "kuongeza kasi ya kompyuta" zinazoahidi kufanya haya kwa kubofya mara moja, mimi sizigusi. Nimeshasafisha mashine nyingi zilizoharibiwa nazo.

Hatua ya 3: Futa zilizokwisha kuandikwa

Bandika njia hii kwenye upau wa anwani wa File Explorer, maana ProgramData imefichwa:

C:\ProgramData\Microsoft\Windows\WER

Futa vilivyomo ndani ya ReportQueue na ReportArchive. Folda zenyewe ziache.

Hatua ya 4: Hakikisha baada ya siku mbili

Rudi kwenye folda zile. Kama programu imejifunga tena na hakuna ripoti mpya, imekubali. Usishtuke ukiona faili kwenye C:\Windows\Minidump. Hizo zinaandikwa skrini ya bluu inapotokea, zina mpangilio wake kwenye "Startup and Recovery", na mimi huziacha kwa makusudi kwa sababu ndizo zinazonisaidia kujua draiva gani (programu inayoendesha kifaa) imeleta shida. Firefox na Chrome nazo zina ripoti zao wenyewe, utazizima ndani ya mipangilio yao. Kwenye Firefox, andika about:crashes uone zilizokwisha kutumwa.

Kuzima ripoti hakujatibu programu ya dada yule, iliendelea kujifunga vilevile. Tatizo lilikuwa draiva ya zamani ya skana. Nimemwekea mpya, na nikiwa hapohapo nikafungua feni: vumbi la Agosti nzima lilikuwa mle.