Jinsi ya kuchagua mkasi wa kukatia kitambaa cha faibaglasi unapotengeneza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi

Kitambaa cha faibaglasi ni kioo kilichofumwa. Kina mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) kama kitambaa kingine chochote, lakini kila uzi ni fungu la nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo mkasi unakabiliwa na shida mbili kwa pamoja: kioo kinakula makali ya chuma, na nyuzi zinateleza. Mkasi butu huusukuma uzi mbele kwanza ndipo uukate, na hapo kitambaa hufumuka. Nyuzi zilizofumuka zikiingia kwenye rezini, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda na kukishika kitambaa, mkunjo wa kitambaa ubavuni mwa ubao unakuwa na matuta. Utalazimika kuyasugua kwa msasa, na kila unaposugua unapunguza unene wa faiba mahali pale pale ambapo ubao hugongwa zaidi. Ndiyo maana nasisitiza sana habari ya mkasi.

Hatua ya 1: Jua unakata nini, na kwa mtindo gani

Vitambaa viwili vinavyotumika sana kwenye mbao hizi ni cha wakia 4 (kama gramu 135 kwa mita ya mraba) na cha wakia 6 (kama gramu 200). Cha wakia 4 ni chepesi na hufumuka haraka, kwa hiyo kinataka makali safi kuliko nguvu. Cha wakia 6 kinataka vyote viwili.

Mtindo nao una uzito wake. Kama unabandika utepe wa karatasi kwenye povu (kiini cha ubao) na kukata mkunjo kwa wembe rezini ikianza kuganda, wembe ndio utakaonyoosha mstari, na mkasi wa kawaida wenye makali utakutosha. Lakini kama unakunja kitambaa ubavuni na kukiacha hivyo hivyo, ukingo ulioukata kwa mkasi ndio utakaobaki kwenye ubao. Kwa mtindo huu usibane matumizi.

Hatua ya 2: Urefu na umbo

Tafuta mkasi wa fundi cherehani wa sentimita 20 hadi 25, wenye mishikio iliyopinda kwenda juu. Mpindo huo huufanya ubapa wa chini ulale bapa mezani, na kitambaa hakinyanyuki unapokata kutoka kwenye roli. Ukiwa na mkono mdogo chukua wa 20, kwa sababu kazi ndefu utaifanya umeinama pembeni mwa ubao na mkasi mzito huchosha kifundo cha mkono. Anayetumia mkono wa kushoto anunue mkasi wa kushoto wa kweli, yaani ule ambao bapa zenyewe zimegeuzwa. Kugeuza mishikio peke yake hakusaidii, kwani mkono utakuwa unazitenganisha bapa badala ya kuzibana.

Kiungo cha bapa kiwe cha skrubu, si ribiti. Kikilegea utakikaza mwenyewe.

Hatua ya 3: Makali laini au yenye meno

Iko mikasi ambayo ubapa mmoja una meno madogo sana, pengine huyaoni ila unayahisi ukipitisha ukucha. Meno hayo huushika uzi usiteleze. Faida yake utaiona hasa unapopunguza kitambaa kinachoning'inia ubavuni, mahali ambapo hakuna meza ya kukishikilia. Hasara ni kwamba ubapa huo ukiunoa ovyo, meno yanafutika.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mkasi wenye meno upande mmoja. Aliyezoea kunoa na kuitunza zana yake atafurahia makali laini, maana hurudi upya kila yanaponolewa. Mikasi ya kukatia kevla, kitambaa cha nyuzi ngumu sana kukatika, ni habari nyingine, na kwa faibaglasi tupu huihitaji.

Hatua ya 4: Ujaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kipande chako cha faibaglasi. Usikubali kujaribu kwenye karatasi au pamba, kwa sababu karibu kila mkasi mpya hukata vitu hivyo vizuri. Kisha fanya haya:

Funga mkasi, uinue usawa wa macho, uangalie mwanga kati ya bapa. Mkasi mzuri una upenyo mwembamba katikati, na bapa zinagusana nchani. Zikiwa zimelaliana bapa kwa bapa urefu wote, nyuzi zitabanwa katikati bila kukatwa.

Ufungue, shika mshikio mmoja na uachie mwingine. Ukianguka na kujifunga wote, kiungo kimelegea. Usiposogea kabisa, kimekazwa mno. Unataka ushuke kidogo kisha usimame.

Sasa kata kile kipande kwa ncha tu, sentimita ya mwisho. Hapa ndipo mikasi mingi huanguka mtihani. Ikiwa ncha inakunja kitambaa na kukimeza kati ya bapa badala ya kukikata, urudishe. Ncha ndiyo utakayoitegemea puani na mkiani mwa ubao.

Mwisho tazama ukingo ulioukata. Nyuzi ziishie mahali pamoja, bila ncha ndefu zinazochomoza na bila mtande kuvutwa upande.

Hatua ya 5: Nunua na mkasi wa pili, wa rezini

Mkasi wa kitambaa kikavu usiguse rezini kamwe. Tone moja likikauka kwenye ubapa, bapa hazigusani tena.

Mkasi wa rezini uwe mdogo, wa sentimita 13 hadi 15, wa bei nafuu, na uwe chuma mtupu hadi mishikioni, kwa sababu asetoni, kiyeyushi cha kusafishia rezini, hulainisha aina nyingi za plastiki. Kazi yake kubwa ni kukata uzi uliochomoza wakati kitambaa kimeshalowa. Uzi huo usiuvute hata kidogo. Ukiuvuta, unaambatana na wenzake, ufumaji wa kitambaa unafunguka, na unabaki mstari unaoonekana hata baada ya kusugua. Uinue kwa ncha ya mkasi, uukate, endelea. Kisha futa bapa kwa kitambaa chenye asetoni kabla rezini haijaganda, maana ikishakuwa ngumu asetoni haiiyeyushi. Vaa glavu, fungua madirisha, na weka asetoni mbali na moto.

Hatua ya 6: Utumie ipasavyo

Kwenye roli, vuta uzi mmoja wa mshindio utoke. Utaacha mfereji ulionyooka toka pindo hadi pindo, na huo ndio mstari wako wa kukata. Usifunge bapa mpaka mwisho kila mkato. Simama kabla ya ncha, sogeza mbele, endelea, la sivyo kila mwisho wa mkato unaacha jino.

Ubavuni, acha kitambaa cha kutosha kukunjwa upande wa pili kama sentimita 5, na ukate kwa mwendo mmoja wa kutembea kuuzunguka ubao. Kwenye pua, kata pembe za V ili kitambaa kisijirundike. Kwenye mkia wenye umbo la mkia wa mbayuwayu, pasua katikati ya pembe. Kote huko simama kama sentimita moja kabla ya kufika kwenye povu.

Hatua ya 7: Kunoa na kutunza

Tumia tupa laini ya almasi, na unoe ule mteremko wa nje pekee, kwa pembe ile ile ambayo mkasi ulikuja nayo toka kiwandani. Upande wa ndani ukiunoa, ule upenyo ulioutazama dukani unapotea na mkasi umekwisha. Kama mkasi una meno, noa ubapa usio na meno tu. Kukata karatasi ya msasa ili kunoa sikushauri. Kunakwangua ncha za chuma kwa muda mfupi na kunaharibu pembe.

Tone moja la mafuta kwenye kiungo latosha, kisha futa mpaka pakauke. Dawa za kupuliza zenye silikoni zisikaribie chumba cha kazi, kwa sababu ikigusa kitambaa au povu, rezini huikimbia na kuacha vidoa vitupu. Mkasi mkavu ukishachoka kiasi cha kutopokea makali, ushushe uwe wa rezini, mradi mishikio yake ni ya chuma.