Kabla hujameza kamera ya tumbo

"Mzee, umekula nini leo?" nesi alimuuliza mjomba wangu, saa moja na nusu asubuhi.

"Sijala kitu, mwanangu. Chai kavu tu."

"Kavu ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Nesi akafunga faili. Tukapangiwa tarehe nyingine ya kipimo cha kamera, na nauli ya basi ikawa imekwenda bure. Kwa mjomba, kama kwa wengi wetu, chai isiyo na kitafunwa si chakula. Lakini maziwa yakikutana na asidi ya tumbo huganda, na hapo tumbo linayashughulikia kama lilivyoshughulikia ugali wa jana.

Tulikuwa tumeambiwa "usile" bila kuelezwa kwa nini. Sababu yenyewe iko kooni. Koo ni njia panda: chakula na hewa hupita hapo pamoja, kisha vinaachana. Hewa inashika njia ya mbele kwenda mapafuni, chakula kinashika ya nyuma, kwenye umio, mrija wa misuli wa takriban sentimita 25 unaoishia tumboni. Ukimeza, kifuniko kidogo cha gegedu huinama na kuziba njia ya hewa. Kikichelewa, unapaliwa, unakohoa mpaka machozi yanakutoka, na kikohozi hicho ndicho kinachokuokoa. Siku ya kipimo koo linapuliziwa dawa ya ganzi, pengine unachomwa na sindano ya kukusinziisha, na kile kikohozi nacho kinasinzia. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kumwagikia mapafuni, ukaingia kwa ajili ya kiungulia ukatoka na nimonia.

Basi hesabu iko hivi. Chakula chochote, pamoja na maziwa na uji, kikome angalau saa sita kabla. Hospitali nyingi husema tangu usiku, na hao wafuate. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi usiinywe asubuhi hiyo, inapaka kuta za tumbo chokaa na daktari haoni kitu. Mwenye kisukari cha miaka mingi, na yule ambaye chakula humkwama kifuani, waseme mapema siku ya kupanga tarehe. Tumbo la wa kwanza huweza kuwa zito kujimwaga, na umio wa wa pili unaweza kuwa bado umebeba chakula cha jana, kwa hiyo saa sita haziwatoshi.

Dawa nazo huwaponza watu, si chakula peke yake. Ukiwa unatumia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, au ndugu zake, muulize daktari kama uziache wiki mbili kabla, kwa sababu hukausha asidi, vidonda vikaanza kufunga na bakteria wa tumbo, *Helicobacter pylori*, wakajificha kipimo kisiwaone. Antibiotiki nazo, muda wake ni wiki nne kabla. Usiache kwa uamuzi wako, hasa kama umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda zitaje zote, maana huenda ukakatwa kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Insulini uliza dozi ya siku hiyo. Kuchoma dozi kamili huku hujala ni kutafuta kuzimia. Dawa ya presha kwa kawaida humezwa na funda moja la maji, lakini uliza.

Mapafu yako pia yanahusika. Mwenye pumu aje na inhela yake mkononi, isiwe imeachwa kwenye begi la ndugu aliyebaki nje. Mwenye mafua mazito au kikohozi kipya aseme, kipimo kinaweza kusogezwa. Na kama una kikohozi cha usiku kisichosikia dawa, au sauti inakwaruza kila asubuhi, kitaje hata kama unaona hakihusiani na tumbo. Asidi inayopanda mpaka kwenye ile njia panda hufanya hivyo, na huchochea pumu pia.

Nina neno moja kuhusu "vidonda vya tumbo", jina tunalolipa kila maumivu ya chembe ya moyo. Wapo wanaotibiwa bakteria yule kila mwaka kwa sababu kipimo cha damu kinasoma "wapo". Kipimo hicho huona kinga ambayo mwili ulitengeneza, nayo hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwaka 1984 kuthibitisha wanaharibu tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Lakini si kila tumbo linalouma ni kazi yao. Chakula kikianza kukwama, kwanza nyama, kisha ugali, kisha hata uji, usisubiri. Saratani ya umio ni nyingi ukanda wetu, toka Kenya mpaka Malawi. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kuisababisha. Mjomba hunywa chai ikiwa bado inatoa moshi.

Siku yenyewe toa meno ya bandia. Utalazwa ubavu wa kushoto, utang'ata kipande cha plastiki, na kamera yenye unene kama wa kidole kidogo itapita. Haiingii njia ya hewa, kwa hiyo pumua kwa pua, polepole, na mate yaache yatiririke nje. Vipimo vingi huisha ndani ya robo saa. Ukisinziishwa, uwe na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe chombo mpaka kesho yake, bodaboda ikiwemo.

Safari ya pili mjomba alikuja mkavu kweli. Alipotoka tu akaulizia chai. Nesi akamwambia, "Onja maji kwanza, mzee, koo bado limelala." Akapiga funda, akakohoa, akarudisha kikombe mwenyewe. Chai aliinywa saa sita mchana, ya maziwa, na ilikuwa imeshapoa.