Hedi ya 3L iliyochemsha Kitonga: pima kabla hujafunga

Pikapu ililetwa gereji kwangu Ipogolo, Iringa, ikivutwa kwa mnyororo, Toyota Hilux LN106, nyuma bado ina magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara, alinieleza yaliyomkuta akipanda Kitonga, ule mlima mkali wenye kona kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Mshale wa joto ulipanda hadi karibu na nyekundu, halafu ukashuka wenyewe. Akamshukuru Mungu, akaendelea kukanyaga mafuta. Kona mbili mbele injini ikaishiwa nguvu, ikazima.

Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikwisha. Kihisio cha geji kinakaa kwenye njia ya maji. Maji yakiondoka kinabaki kwenye mvuke na hewa, na hapo hakisomi tena joto la injini. Lishike hilo, kwa sababu mwisho wa kazi hii tutaongeza kitu kwa ajili yake.

Injini ni 3L, dizeli ya cc 2,779, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Ukiirekebisha kwa vipimo itakubebea mizigo miaka mingi. Ukibadilisha tu gasketi, kizibo kinachokaa kati ya bloku na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na kufunga, itarudi gereji kabla ya msimu kwisha. Nimeona zikirudi nyingi mno, na kila mara anayeumia ni mwenye gari.

Usianze kwa kupiga stata. Kama maji yameingia kwenye silinda, pistoni itayasukuma, na kwa kuwa maji hayabanwi, kitakachopinda ni koneti rodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini). Toa plagi za kupasha zote nne, weka spana kwenye bolti ya krenki, zungusha kwa mkono. Yake ilitema maji silinda ya tatu. Oili kwenye dipstiki ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya kufungua hedi, tafuta kwa nini ilichemsha. Hapa mafundi wenzangu wengi wanaruka. Kwa huyu mama sababu zilikuwa mbili. Rejeta ilikuwa imeziba nusu kwa kutu, na fundi wa zamani alikuwa ametoa thamostati, valvu ya maji inayofunguka kwa joto, "ili maji yapite vizuri". Naomba sana, tuache jambo hili. Thamostati ya injini hii ina sahani ya pili chini yake. Ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare huwezi kugundua. Kitonga, ukiwa na gunia kumi na mbili, utagundua. Nunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha taratibu, uone kama inafunguka karibu na joto lililogongwa juu yake.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa. Legeza bolti kuanzia pembeni kuja katikati, kwa mizunguko mitatu, usiimalize moja kwa mkupuo. Chukua boksi la katoni, litoboe matundu kwa mpangilio wa bolti, kila moja ikae kwenye tundu lake. Fanya hivyo pia kwa tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu), shimu (visahani vya kurekebisha nafasi yake) na valvu. Vyote hivyo vimezoeana na mahali pake.

Kukwangua gasketi ya zamani tumia kipande cha mbao ngumu au plastiki, na uvumilivu. Jiwe la grenda lisiguse uso wa hedi. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso huo, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ukijaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake. Kikomo ni milimita 0.20. Mimi nikipata zaidi ya 0.10 napeleka kwa mchongaji. Hii ilipitisha 0.15 katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, palepale maji yalipopitia. Mwambie mchongaji aondoe kidogo iwezekanavyo, na kwanza atoe vile vichemba vya kuwakia mafuta vilivyopachikwa kwenye hedi, kwa sababu vikirudishwa bila kupimwa havitakaa sawa na uso mpya. Hapohapo aijaribu hedi kwa presha. Ufa mwembamba kati ya valvu mbili unajificha kwenye masizi, na ukiingia hadi kwenye siti (ukingo ambao valvu inaukalia ikijifunga) mimi siifungi hedi hiyo, hata mteja akisisitiza. Ya mama ilipona.

Sasa valvu, kazi ninayoipenda kuliko zote. Paka pesti ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, pesti nyembamba kama kucha ilivyo nyembamba, ishushe kwenye siti yake, bandika kijiti chenye mpira wa kunyonya, halafu pekecha kati ya viganja kama wazee walivyopekecha moto. Kila baada ya mizunguko michache inua, geuza robo, shusha tena. Mwanzoni utasikia inakwaruza, kra-kra, na mkono unahisi mchanga. Baada ya dakika chache sauti inalainika. Ukiona imenyamaza kabisa, pesti imechakaa, futa uangalie. Unatafuta mkanda wa kijivu uliokolea, usiokatika popote kuzunguka siti. Pakiwa na doa linalong'aa, hapo haijagusa, rudia. Ukimaliza osha pesti yote, maana chembe moja ikibaki itaendelea kusaga injini ikitembea. Rudisha springi, laza hedi kwa ubavu, jaza mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na ya moshi, ukanywe chai. Ukirudi ukakuta unyevu umezunguka valvu, hiyo bado.

Kusaga kunaizamisha valvu ndani ya siti, kwa hiyo mguu wake unapanda na nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo juu yake, inapungua. Usirudishe shimu zilezile kwa mazoea. Injini ikiwa baridi, valvu za hewa zinataka milimita 0.20 hadi 0.30, za moshi 0.40 hadi 0.50. Kwa mama nilibadilisha shimu tatu kati ya nane. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, na itaungua.

Gasketi nayo si moja. Zipo za unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F ukingoni, zikipishana kama sehemu ya kumi ya milimita. Inachaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku ikiwa juu kabisa. Tumia geji ya saa (yenye mshale unaosoma sehemu ndogo za milimita), pima pistoni zote nne, ufuate iliyochomoza zaidi. Nilipokuwa nimeanza kazi sikupima. Nilifunga iliyopatikana dukani kwenye pikapu ya mjomba wangu, ikawa nene mno. Presha ilishuka, na asubuhi za Julai mjomba alikuwa anasukumwa na vijana wa mtaani, moshi mweupe umejaa uwanja. Nilifungua tena kwa gharama yangu. Nyembamba mno ni hatari zaidi, maana pistoni inaweza kugonga.

Kufunga, paka oili kidogo kwenye nyuzi za bolti na chini ya kichwa chake. Anza katikati kwenda pembeni, kwa awamu, hadi toki renchi (spana inayopima mkazo) isome 78 Nm. Weka nukta ya rangi mbele ya kila bolti, zungusha nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Nukta zote sasa zinatazama nyuma. Mkanda wa taimingi uwe mpya. Ukishalinganisha alama, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, na ukihisi imegota, simama.

Maboresho niliyofanya ni mawili. Rejeta ilibadilishwa moyo, kutoka safu mbili hadi tatu. Na lile jambo la mshale: nilifunga kihisio cha pili, cha pete, kinachobanwa na bolti ndogo kwenye chuma cha hedi chenyewe, kikiwa na saa yake ya kuonyesha nyuzi joto na kengele. Hiki kinasoma joto la chuma, maji yawepo yasiwepo. Usikiweke chini ya bolti kubwa za hedi, utaharibu mkazo wake.

Wakati wa kujaza maji na kulanti, elekeza pua ya gari mlimani na ufungue hita, hewa itoke. Kisha jaribu na mzigo. Tulipanda Kitonga na magunia yake kumi na mawili, gia ya pili, saa ikafika 97, na tulipokaribia juu ikarudi 91. Kengele niliipanga ilie kwenye 105. Mama alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye dashibodi, chini ya saa: "105, simama."