Uzio wa bwawa la kuogelea nyumbani
Wenye nyumba za Shangani, hapa Mtwara, wanaojenga bwawa la kuogelea uani mara nyingi huamini kwamba ukuta wa kiwanja ni kinga ya kutosha, ilhali ukuta huo humzuia mtoto wa jirani tu, na mtoto wa nyumbani hutoka mlango wa jikoni akafika majini bila kizuizi chochote. Bwawa lizungushiwe uzio wake pekee pande zote nne, wenye kimo kisichopungua mita 1.2, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10. Nondo ziwe za kusimama, kwa kuwa za kulala mtoto huzipanda kama ngazi. Na kwa sababu hiyohiyo ndoo na viti visiachwe karibu. Lango lifungukie nje, lijirudishe lenyewe kwa springi, na komeo liwe juu mtoto asikofika. Hata hivyo, uzio hauchukui nafasi ya mtu mzima anayeangalia, maana mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mvua ikichafua maji hadi sakafu isionekane, asiogelee mtu yeyote mpaka yasafike.