Jinsi ya kuusoma mnara wa mshairi (nimetumia wa Robert Burns kule Dumfries)

Wengi wetu tukifika kwenye sanamu ya mshairi tunapiga selfi, tunasoma jina, tunaondoka. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nimefika Dumfries, mji mdogo kusini mwa Uskoti, mvua inanyesha, nikapiga picha tatu za Robert Burns nikakimbilia chai. Mara ya pili ndo nikajua nilikuwa sijaona kitu. Sasa hivi nafanya hivi, na hata wewe unaweza popote ulipo.

Kwanza tafuta mwaka aliokufa mtu, mwaka wa mnara uache kando kidogo. Burns alifariki 21 Julai 1796, ana miaka 37 tu, mwajiriwa wa ushuru (hapo nikamkumbuka Shaaban Robert wetu, karani wa forodha Pangani miaka na miaka, sijui ushuru na mashairi wameoana wapi). Akazikwa tarehe 25, na siku hiyohiyo mkewe Jean Armour yuko kitandani anajifungua mtoto wa kiume. Ukishaijua hiyo, jiulize kaburi lilikaaje baada ya hapo. Mwaka 1803 mshairi Wordsworth na dadake Dorothy wakapita kulitafuta wakakuta halina hata jiwe! Bamba la kwanza, la kawaida kabisa, aliliweka mjane. Lile jumba jeupe lenye kuba unaloliona leo kwenye makaburi ya kanisa la St Michael's limekuja baadaye, mwili ukahamishiwa humo 1815. Piga hesabu, miaka 19. Kwangu mimi huo mwanya ndo historia yenyewe, maana unakwambia nani alimkumbuka mapema na nani alisubiri hadi jina likue.

Pili, fuata hela. Jumba lilijengwa kwa mchango, watu walipitisha karatasi kama mchango wa harusi vile, hadi mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George IV akatia chake, na mchoro ukatoka kwa fundi wa London. Yaani mtu ambaye kaburi lake halikuwa na hata jiwe, miaka 19 baada ya kufa anachangiwa na ikulu. Kwenye mnara wa kwenu uliza hivyohivyo, ni familia, ni serikali, ni mfanyabiashara, halafu linganisha na ukubwa wa majina pale kwenye kibao. Mara nyingine jina la mgeni rasmi ni kubwa kuliko la marehemu, bana.

Tatu, usiamini kila jiwe ni la zamani. Ndani ya lile jumba kuna mchongo wa Burns yuko kwenye plau na malaika wa ushairi anamjia. Wa kwanza alichonga Turnerelli, marumaru ikaliwa na hali ya hewa, 1936 wakaweka mwingine wa Hermon Cawthra. Kwa hiyo picha yako ya "kaburi la 1815" nusu yake ni ya 1936. Angalia rangi ya jiwe, angalia pale sementi ni mpya, ukikuta mzee wa hapo muulize lini walikarabati.

Sanamu ya katikati ya mji ni habari nyingine, hiyo ni ya 1882, miaka 86 baada ya kifo. Hapa tafuta jina la mchongaji, watu huwa wanaliruka. Kumbe ni mwanamke, Amelia Robertson Hill, na ndiye huyohuyo aliyetengeneza ile ya David Livingstone pale Edinburgh, Livingstone yule ambaye kina Susi na Chuma walimbeba maiti hadi Bagamoyo. Mimi nilisimama pale nimeduwaa. Halafu zunguka, usikae mbele tu: Burns ameegemea kisiki, ana maua mkononi na mbwa miguuni.

Ukitaka kuanzia nyumbani, kaburi la Shaaban Robert liko Machui, nje kidogo ya Tanga, alifariki 1962. Nenda asubuhi jua halijawa kali, salimia watu wa pale kabla hujatoa simu, andika maneno yote ya kwenye jiwe kama yalivyo hata yakiwa na makosa, na upige picha upande wa nyuma pia.