Kusiriba ukuta wa udongo kabla ya mvua

Nyumba ya mama hapa Chamwino ni ya tofali mbichi. Niliwahi kuipiga lipu ya saruji nikijiona nimeendelea. Masika ya kwanza ikabanduka vipande kama ganda la yai. Saruji haipumui, unyevu ukishaingia nyuma yake hauna pa kutokea. Mama hakusema kitu, aliniletea jembe tu.

Sasa nasiriba mwezi wa kumi, mvua ikiwa mbali. Udongo nachukua kwenye kichuguu kilichohamwa, nauponda na kuuchekecha. Ndoo moja ya udongo, mbili za mchanga wa korongoni, nusu ya mavi mabichi ya ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Vyote viloweke usiku mzima, kisha ukanyage kwa miguu mpaka visigino vilalamike.

Vipimo hivyo ni vya kichuguu changu, chako kinaweza kutofautiana. Siriba kwanza kipande cha hatua moja, ukiache siku tatu. Kikipasuka nyufa, ongeza mchanga. Ukikipangusa kikatoa vumbi, ongeza udongo.

Kabla ya kuanza, bandua kilicholegea na urashie ukuta maji kwa ufagio, la sivyo utanyonya maji ya udongo wako na hautashika. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, uwe mnene kama kidole gumba; wa pili mwembamba, uulainishe kwa kiganja.

Chini, panga mawe kuzunguka msingi. Matone yanayoruka kutoka ardhini ndiyo hula ukuta.