Kipimo cha mirija kwa povu: hesabu siku zako kwanza

Mimi ni nesi wa chumba cha altrasaundi hapa Dar es Salaam, tunapopima kwa povu kama mirija ya uzazi iko wazi. Simu nyingi ninazopokea zinaanza hivi: "Sista, nije lini kuzibuliwa mirija?" Nami humuuliza kwanza: mumeo ameshapima mbegu? Kipimo chake hakiumi, na majibu yakiwa mabaya mpango mzima unabadilika. Halafu ndiyo tunahesabu siku.

Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka hasa, matone ya jana yake usiyahesabu. Mwenye mzunguko wa siku 28 namwita kati ya siku ya 6 na ya 10, damu ikiwa imekauka na yai bado halijatoka. Mwenye mzunguko mfupi aje mapema zaidi. Tangu hedhi ianze mpaka upimwe, msikutane. Dada mmoja alikuja kutoka Morogoro, mkojo hauonyeshi mimba, lakini alikiri walikutana juzi yake. Tulimrudisha. Alinuna, na nilimwelewa, nauli ni nauli. Lakini mimba changa ya siku mbili tatu mkojo hauwezi kuisema.

Ukiwa na homa, uchafu unaonuka au maumivu chini ya kitovu, njoo utibiwe kwanza, kwa sababu tukisukuma maji tunasukuma na vijidudu kwenda juu. Kama uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, sema, hata kama umekuja na mama mkwe; nitamtoa nje kwa heshima. Daktari anaweza kukuanzishia antibiotiki. Kunywa chai, kula, kisha saa moja kabla meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Wenye vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo wasijimezee ibuprofen bila kuuliza. Njoo na pedi na khanga.

Sasa hicho tunachoweka. Mrija ni mwembamba na umejikunja, altrasaundi ya kawaida haiuoni ukiwa mzima. Maji matupu huonekana meusi kwenye kioo. Viputo vya hewa ndivyo vinavyorudisha mawimbi ya sauti kwa nguvu na kung'aa vyeupe. Kwa hiyo njia rahisi ni maji ya chumvi ya hospitali yaliyochanganywa na hewa, ila viputo vyake hupotea haraka. Povu la jeli hukaa zaidi, kama dakika tano. Lile la ExEm Foam, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2019, huchanganywa papo hapo: mabomba mawili ya sindano yameunganishwa, unasukuma huku na huku mara kumi hivi mpaka liwe jeupe zito kama povu la Omo kwenye beseni. Halina iodini, wala hupigwi eksirei.

Kitandani ni kama kupimwa mlango wa kizazi. Daktari anapitisha mpira mwembamba, anaingiza kifaa cha altrasaundi ukeni, povu linasukumwa polepole. Utasikia tumbo likibana kama la hedhi. Ukihisi kizunguzungu au jasho la baridi, sema. Tunasimama, tunainua miguu, tunasubiri. Kusukuma kwa pupa ndiko kunakoumiza, na ndiko kunakofanya mrija ujibane.

Hapo ndipo wengi wanapolia bure. Mrija uliojibana kwa mkazo huonekana kama umeziba. Kwenye ripoti tafuta kila upande peke yake: kulia povu limepita hadi karibu na kokwa (ovari, panapotoka yai)? Kushoto je? Pale ambapo halikupita, uliza kama kipimo kirudiwe, au kifuate cha eksirei au cha kamera ya tumboni, ambapo rangi ya bluu hupitishwa kwenye mirija. Ikiandikwa mrija umevimba na kujaa maji, hilo lizungumzwe kabla ya kulipia upandikizaji wa mimba (IVF), maana maji hayo hupunguza nafasi ya mimba kushika.

Na hii si dawa ya kuzibua, ingawa kusafisha mirija wakati mwingine husaidia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, kwa wanawake 1,119 waliopimwa kwa eksirei, ulikuta mimba zilizoendelea ni kama 40 kwa mia kwa waliowekewa dawa ya picha yenye mafuta, na 29 kwa waliowekewa yenye maji. Hayo ni mafuta, kwa kipimo kingine. Anayekuuzia chupa ya majani ya kuzibua hana hata picha ya kukuonyesha mrija upi umeziba.

Ukitoka, majimaji na matone ya damu siku moja au mbili ni kawaida. Homa, uchafu unaonuka, damu inayojaza pedi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda usiku huohuo hospitali iliyo karibu nawe, na uwaambie umepimwa mirija siku gani.